Shimo la Futi Mbili: Historia ya Maelekezo ya Kitaalamu Meru na Embu

Uandishi wa maelekezo ni kazi ya kumweleza mtu asiyekuwepo namna ya kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: kuchimba shimo la mche wa kahawa, kupima dawa ya kunyunyizia, kuunganisha programu mbili za kompyuta zizungumze. Siku hizi kazi hiyo ina cheo na mshahara katika kampuni za teknolojia, na masomo yake yamejaa kwenye intaneti. Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Igembe na Tigania, kupitia Imenti na Chuka, hadi Embu na Mbeere, imefanywa kwa takriban miaka 100 na watu waliokuwa na vyeo vingine: mwalimu wa misheni, karani wa chama cha ushirika, mwalimu wa gumbaru (elimu ya watu wazima) na, kuliko wote, bwana shamba.

Eneo lenyewe halikumrahisishia mwandishi. Juu, ukingoni mwa msitu, ni chai. Chini yake ni kahawa. Halafu mahindi na maharagwe. Na kule Tharaka na Mbeere, kwenye joto, ni mtama, mawele, ndengu na mizinga ya nyuki. Anayeteremka kutoka kiwanda cha chai hadi nchi ya mawele hupita hali ya hewa tatu na lahaja mbili au zaidi kabla jua halijatua. Kiimenti si Kitigania, Kichuka si Kitharaka, na Kiembu na Kimbeere husikilizana bila kuwa kitu kimoja. Kijitabu kilichoandikwa Nairobi kikiagiza "panda mvua ndefu zikianza" kilikuwa na maana mbili tofauti katika wilaya moja, kwa sababu upande huu wa mlima, hasa nyanda za chini, mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo vitabu huiita fupi. Msomaji wa Mbeere aliyekitii kijitabu neno kwa neno alikuwa akicheza kamari na mbegu zake.

Maandishi ya kwanza ya aina hii yalikuja na misheni. Kanisa la Anglikana lilifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910; Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912; na Chogoria, daktari wa misheni ya Kiskoti, Archibald Irvine, alianza kazi mwaka 1922. Shule na zahanati hizo zilihitaji watu wanaoweza kusoma lebo ya chupa na kuandika kipimo cha dawa, na kwa kazi hiyo zililazimika kwanza kukubaliana jinsi ya kuandika Kimeru. Kimeru cha maandishi kiliegemea zaidi Kiimenti. Uamuzi huo uliendelea kuwasumbua waandishi wa vijitabu vya kilimo miongo kadhaa baadaye, maana Mtigania aliposoma jina la mdudu au la gugu kwa lahaja ya jirani yake hakuwa na hakika ni mdudu yuleyule.

Maelekezo kama kazi ya kila siku yalianza hasa na kahawa. Walowezi walikuwa wameipinga kwa miaka mingi kahawa ya Waafrika, wakidai magonjwa yangesambaa na wizi ungeongezeka, na wakihofu bila kusema sana kwamba vibarua wangepungua. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilifungua mlango kidogo katika wilaya tatu zilizo mbali na mashamba ya Wazungu: Kisii, Embu na Meru. Ruhusa ilikuja na masharti. Miche ilitoka kwenye kitalu kilichoidhinishwa, idadi ilikuwa na kikomo, na nafasi kati ya mche na mche ilikuwa futi 9 kwa 9. Shimo lilikuwa na upana wa futi 2 kila upande na kina cha futi 2.

Shimo hilo ndilo somo la kwanza ambalo maelfu ya watu wa Meru na Embu walifundishwa kwa utaratibu wa hatua kwa hatua, na linafaa kutazamwa kwa karibu. Linachimbwa miezi kadhaa kabla ya mvua. Udongo wa juu, ule mweusi, unawekwa upande mmoja. Wa chini, ule mwekundu, upande mwingine. Wa juu unachanganywa na debe moja la mbolea ya samadi na kurudishwa shimoni kwanza, na mche unasubiri hadi udongo ushikane. Kila hatua hapa ina kosa lake. Anayechanganya udongo wote pamoja hupoteza faida ya ule mweusi, na anayepanda siku ileile aliyofukia hukuta mche umezama na udongo. Kwa hiyo mwelekezaji hakuweza kusema tu "chimba shimo zuri". Alilazimika kusema lipi kabla ya lipi, na kwa nini. Hakubeba tepu ya kupimia pia. Alikata kijiti cha futi 2 na kingine cha futi 9, akamwachia mkulima. Vijiti hivyo vilisomeka na mtu yeyote, aliyeenda shule na asiyeenda.

Kilichoharibu sifa ya maelekezo ni namna yalivyosimamiwa. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yalichimbwa kwa amri ya chifu, kwa kazi ya lazima, na miaka ya Hali ya Hatari iliyoanza 1952 iliongeza vijiji vya kulazimishwa na kafyu. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliolenga kuinua kilimo cha Waafrika kwa hatimiliki na mazao ya biashara, ulitekelezwa katikati ya hali hiyo. Ulileta kahawa nyingi na, baadaye, chai. Lakini uliacha lugha ya maelekezo imejaa "lazima" na "marufuku". Mkulima aliyekuwa akingoja faini zaidi ya ushauri alijifunza kufanya kile kinachoonekana kutoka barabarani. Miti iliyokuwa karibu na njia ilipogolewa vizuri, na ile ya bondeni ikaachwa ijiendee.

Wakati huohuo maandishi yenyewe yalikuwa yakiongezeka. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948, lilitoa vijitabu vya bei nafuu kwa Kiswahili na lugha nyingine kuhusu afya, ushirika na ukulima. Uhuru ulipokaribia na baada ya kupatikana, mzigo ukagawanywa. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza 1962 na kuwapa watoto wa shule bustani na daftari la kumbukumbu. Kituo cha mafunzo ya wakulima cha Kaguru, huko Meru, kiliwalaza wakulima kwa siku chache wakitazama na kushika. Chuo cha mafunzo ya maofisa wa kilimo cha Embu, kilichofahamika kwa ufupi kama EAST, kiliwafunza mabwana shamba wenyewe. Na kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga, iliyozinduliwa 1979, iliwaleta darasani wanawake wengi ambao ndio waliokuwa wakilima. Madarasa ya gumbaru yalitumia vitabu vya kwanza vilivyofundisha herufi kupitia mambo ya nyumbani, kama maji safi, chanjo na mbolea. Mwalimu wa gumbaru aligundua jambo ambalo wataalamu wa Nairobi walichelewa kulijua: mtu mzima husoma haraka pale anapoliona neno analolitumia kila siku, na husimama kabisa akikutana na neno "takriban" au "asilimia".

Mchango wa Kenya katika taaluma hii ulitoka shambani, ukaingia hata kwenye vitabu vya Kiingereza. Tuta linaloitwa "fanya juu" lilienea kutoka Ukambani hadi Embu, Meru na kwingineko, hasa baada ya mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Uswidi kuanza mwaka 1974. Mtaro unachimbwa kukata mteremko, na udongo wake unatupwa upande wa juu ili mteremko ugeuke taratibu kuwa ngazi. Ukiutupa chini, ni "fanya chini", kazi nyepesi zaidi lakini yenye matokeo mengine. Wahandisi wa kigeni waliandika miongozo mizima kuhusu tuta hili na wakashindwa kupata jina bora, hivyo maneno mawili ya Kiswahili yakabaki katika vitabu vya dunia nzima. "Tumbukiza" ni hivyohivyo: mashimo ya sentimita 60 ya kupandia majani ya nepia, yenye samadi na udongo wa juu, yanayovuna maji mahali pakavu. Majina yote hayo ni vitenzi vya kuamuru. Anayelijua jina ameshapewa hatua ya kwanza ya kazi. Hakuna kamati iliyoketi kuyatunga, na huenda ndiyo sababu yanafaa.

Miaka ya 1980 ilileta nidhamu ya aina nyingine. Mfumo wa mafunzo na ziara, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulimtaka ofisa wa mashinani akutane na wataalamu kila baada ya wiki mbili, apokee ujumbe mmoja au miwili, kisha auzungushe kwa wakulima wa mawasiliano, yaani walioteuliwa kuwafikishia wenzao, kwa ratiba isiyobadilika. Mfumo ulilalamikiwa kwa gharama na kwa ugumu wake, na ulifikia mwisho wake miaka ya 1990. Hata hivyo uliwafundisha mabwana shamba kukata maarifa vipande vidogo. Ujumbe wa wiki ulipaswa kukaa katika ukurasa mmoja wa daftari. Katika miaka hiyohiyo wakulima wa kahawa walikuwa wakifundishwa upya somo la zamani: aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985 na inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, hupandwa mita 2 kwa 2. Vijiti vya futi 9 vikawa kuni, lakini si kwa wote. Katika mashamba mengi Ruiru 11 ilionekana imepandwa kwa nafasi ya kahawa ya baba.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi maelekezo yanavyozaliwa ni cha kaliandra ya Embu. Ng'ombe wa maziwa wa miteremko hii hula nepia, ambayo haina protini ya kutosha, na chakula cha dukani ni ghali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo, wa misitu na wa kilimo-mseto, wakifanya kazi pamoja katika kituo cha utafiti cha Embu, walijaribu kichaka cha kaliandra kutoka Amerika ya Kati kama lishe. Matokeo yao yalikuwa hesabu: kilo 1 ya majani makavu ya kaliandra hufanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani, na vichaka 500 hutosha ng'ombe mmoja kwa mwaka akipewa kilo 2 kavu kwa siku. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, lakini haikuwa na maana zizini mwa mfugaji, kwani hakuna anayekausha majani ili ayapime.

Kwa hiyo takwimu ikageuzwa. Kilo 1 kavu ni kama kilo 3 za majani mabichi, basi kilo 2 kavu ni kilo 6 mbichi, na kilo 6 mbichi ni mzigo ambao mtu anaweza kuukadiria mkononi. Vichaka 500 vikapatiwa nafasi bila kumega shamba la mahindi: kwenye ukingo wa matuta, kando ya ua, kandokando ya njia ya nyumbani. Iliagizwa mbegu zilowekwe kwenye maji baridi kwa saa 48, na wakulima wakaelezwa "siku mbili, usiku mbili". Ukataji wa kwanza ulifanywa mche ukikaribia mwaka, ukiachwa urefu wa chini ya mita moja ili uchipue, jambo ambalo lilielezwa kwa kuonyesha kiuno. Maelekezo yalisambaa zaidi kupitia vikundi vyenye vitalu vyao wenyewe kuliko kupitia karatasi, na vikundi hivyo vilirekebisha maneno kila viliposimulia. Karatasi iliyofuata ilinakili marekebisho ya wakulima. Mwandishi mzuri wa maelekezo hufanya hivyo popote, ila ni nadra kwa sifa kumrudia mkulima.

Simu ya mkononi ilipoingia, kijiti cha kupimia kilikuwa herufi 160. Huduma za ujumbe mfupi kwa wafugaji, ambazo iliyojulikana zaidi kati yake ni iCow iliyoanzishwa na Su Kahumbu na kuingia sokoni mwaka 2011, zilifuata kalenda ya mimba ya ng'ombe na kutuma ushauri siku inayohusika. Mfano wa ujumbe wa namna hiyo: "Zimebaki siku 60 ng'ombe azae. Acha kumkamua ili kiwele kipumzike. Mpe nyasi na maji safi ya kutosha." Hayo ni maneno 17 na herufi kama 100; Kiingereza kingetumia maneno kama 25. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na ujumbe mfupi ulikipa nafasi ya kuonyesha uwezo huo. Mfugaji aliyekuwa amesahau siku ya kupandisha alikumbushwa na simu yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maelekezo yalimfikia mtu mmoja kwa wakati wake badala ya kulifikia kundi zima kwa wakati wa ofisa.

Intaneti ya kasi ilifuata nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009, na vyuo vikuu vikapanda nayo. Meru na Chuka vilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Embu kiliipata 2016, nacho kimejengwa pale pale kwenye chuo cha EAST: mahali palipofundishwa kuandika ujumbe wa wiki kwa daftari sasa panafundishwa sayansi ya kompyuta. Jukwaa lililotumiwa na vyuo vingi kwa masomo ya mtandaoni, Moodle, lilitolewa 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyekulia jangwani akisoma shule ya msingi kwa redio. Mwezi Machi 2020, janga la Korona lilipofunga taasisi zote za elimu nchini, majukwaa hayo yaliyokuwa kabati la kuhifadhia noti yakawa darasa lenyewe. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani Tharaka alipanda kilima kutafuta mtandao, na mhadhiri aliyezoea kueleza kwa mdomo akagundua kwamba somo lisiloandikwa vizuri halisomeki.

Mwaka huohuo masomo ya uandishi wa kiufundi yenyewe yalianza kupatikana kwa urahisi. Google ilifungua kwa umma, bila malipo, kozi zake mbili ilizokuwa ikiwafundishia wahandisi wake. Kabla ya hapo jumuiya ya waandishi wa kiufundi ya Write the Docs, iliyofanya mkutano wake wa kwanza Portland, Marekani, mwaka 2013, ilikuwa imekusanya miongozo na mazungumzo yaliyorekodiwa. Kampuni ya Marekani ya Section iliendesha mpango ambamo wanafunzi wa kompyuta, Wakenya wakiwa wengi miongoni mwao, waliandika makala za hatua kwa hatua na kusahihishwa na wenzao kabla ya kuchapishwa. Kwa kijana wa Meru aliyehitimu masomo ya kompyuta, mlango huu ulikuwa mpya: ajira inayolipa kwa kueleza, isiyohitaji kuhamia Nairobi, ilimradi umeme usikatike.

Vifaa vya kazi hiyo ni vingi kwa majina na vichache kwa asili. Maandishi huandikwa kwa Markdown, mtindo wa alama chache uliobuniwa 2004, huhifadhiwa pamoja na msimbo wa programu, na hukaguliwa mstari kwa mstari na mtu mwingine kabla ya kutolewa. Kanuni zinazofundishwa ni za zamani kuliko intaneti. Kiingereza Rahisi cha Kiufundi, kilichotungwa na watengenezaji wa ndege wa Ulaya na kutolewa kwa mara ya kwanza 1986 ili fundi wa nchi yoyote asikosee kurekebisha ndege, kinaweka kikomo cha maneno 20 kwa sentensi ya hatua, agizo moja kwa kila sentensi, na neno moja kwa maana moja. Bwana shamba wa kahawa angezitambua kanuni hizo; alikosa tu mtu wa kumwandikia.

Ila kanuni hizo hazihami hivihivi kuingia Kiswahili. Kikomo cha maneno 20 hakibani sana lugha ambamo neno "asipomkamua" ni kishazi kizima. Mwandishi anaweza kutii idadi na bado akamchosha msomaji. Istilahi nazo zina mkanganyiko wake. Juhudi za kutafsiri programu huria, hasa mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo mwaka 2004, zilihitaji istilahi za kompyuta kwa Kiswahili. Maneno kama "pakua" na "tovuti" yameshika, lakini yapo mengine kama "tarakilishi", ambayo mitihani ya Kenya inayapenda kuliko maduka ya Kenya. Mwandishi anayeelekeza kwa Kiswahili analazimika kuchagua neno moja na kulishikilia hadi mwisho, kama vile aliyeelekeza kaliandra alivyochagua siku mbili badala ya saa 48.

Gumu kuliko yote ni kitenzi. Masomo ya mtandaoni husisitiza kuamuru moja kwa moja, kwa hiyo Kiswahili chake ni "Bofya", "Chagua", "Hifadhi". Kwenye kompyuta maagizo hayo hayamuudhi mtu. Shambani ni tofauti: kijana wa miaka 25 hamwambii mzee wa Imenti "Chimba". Humwambia "uchimbe", au "tuchimbe", hata kama yeye hatashika jembe, na mzee hutambua heshima katika kiambishi hicho kimoja. Vijitabu vya kikoloni viliandika "Mkulima lazima achimbe", na harufu ya amri ikabaki. Vijitabu vya kisasa vilivyo bora hugawanya kazi: kichwa cha hatua hutamka kitendo peke yake, "Kuchimba shimo", na maelezo chini yake huanza "Uchimbe". Njia hiyo hufaa pia kwenye skrini ya simu, ambako kichwa huonekana chote na maelezo hufunguka mtu akigusa.